Injini Isiyo na Pistoni: Kutoka Hiroshima hadi Gereji ya Plumstead



Kwenye karamu ya arusi moja hapa kusini mwa London, wakati wazee tumekaa pembeni tukingoja pilau, kijana mmoja alinijia akaniamkia vizuri, kisha akaniuliza: "Mjomba, nasikia una Mazda RX-7. Ukiongeza presha ya turbo itatoa hospawa ngapi?" Nilimjibu kwamba jibu la swali hilo ni refu kuliko foleni ya chakula, na kwamba nitaliandika. Leo natimiza ahadi. Atakayesoma hadi mwisho atagundua kwamba swali lenyewe nilijiuliza mimi miaka ishirini na ushee iliyopita, nikalijibu vibaya, na jibu hilo likamfikia mama yangu mzazi kule Voi, ambaye hajapata hata kuliona gari lenyewe.

Mluzi wa Taita

Neno turbo nililisikia kwanza kwa baba, aliyekuwa fundi wa reli. Injini za dizeli zilizovuta mabehewa kutoka Mombasa kupanda bara zilikuwa na kifaa hicho, na baba alinieleza kwa mfano wa jiko la mkaa. Jiko likipepewa huwaka zaidi, si kwa sababu mkaa umeongezeka, bali kwa sababu hewa imeongezeka. Injini nayo ni jiko. Moshi unaotoka kwenye ekzosi una nguvu inayopotea bure, basi unawekewa feni ndogo njiani. Feni hiyo inazungusha feni ya pili iliyo kwenye shafti moja nayo, na hiyo ya pili inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyesajili hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Baba hakulijua jina lake, lakini kazi yake aliijua.

Mwaka 1984 nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Siku za Pasaka tulikwenda, mimi na wenzangu, kusimama kando ya barabara ya vumbi upande wa Taita kuyangoja magari ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisi tulikuwa tumelelewa na majina mawili. La kwanza ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. La pili ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyelazimika kuhama enzi za Idi Amin, aliyeshinda mara tano: 1973 kwa Datsun 240Z, halafu mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi wao wote, wa watatu na wa watano, haukuwa na turbo hata mmoja.

Mwaka ule wa 1984 lilipita Toyota Celica la Björn Waldegård wa Sweden. Kabla hatujaliona tulisikia mluzi, kama birika linalochemka mahali fulani nyuma ya kilima. Likapita, likatuachia vumbi na kimya. Waldegård alishinda, na hilo likawa gari la kwanza lenye turbo kushinda Safari. Kuanzia hapo hadi mwaka 2002, mashindano yalipoondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia kwa muda mrefu (yalirudi 2021), hakuna gari lisilo na turbo lililoshinda tena.

Sababu mojawapo ni jiografia yetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Mgandamizo wake ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Mombasa. Injini ya kawaida iliyo hodari Mombasa ikifika Nairobi hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake, na kwenye miinuko ya Mau hupoteza zaidi. Turbo hurudisha kile ambacho mlima umekichukua. Lakini angalieni pia jambo la pili. Mwaka 1983 Audi Quattro, lenye turbo na nguvu kwenye magurudumu yote manne, lilishika nafasi ya pili. Lililoshinda lilikuwa Opel Ascona la Ari Vatanen, gari la kawaida lisilo na turbo. Na hilo Celica halikuwa na uwezo wa kuendesha magurudumu manne. Liliundwa liwe gumu na rahisi kutengenezeka, likashinda 1984, 1985 na 1986. Safari ilikuwa safari ya maelfu ya kilomita. Ilimtunuku mwenye kufika.

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu nikiwa mtoto, nikalisahau nilipokuwa mtu mzima mwenye shahada.

Mjerumani asiye na leseni

Sasa tuiache turbo kidogo tuingie kwenye injini yenyewe, kwa sababu injini ya RX-7 si kama zile mnazozijua.

Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda. Pistoni inakwenda juu, inasimama, inarudi chini, inasimama, na hivyo mara elfu kadhaa kwa dakika. Felix Wankel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1902 katika mji wa Lahr, aliona huo ni upotevu. Aliota injini ambayo kila kitu ndani yake kinazunguka tu. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na kwa ajili ya macho mabovu hakupata kuwa na leseni ya udereva. Historia yake ina doa ambalo halifai kufichwa: alikuwa mfuasi wa chama cha Hitler tangu ujana wake, na wakati wa vita alifanyia kazi utawala huo. Chombo kizuri hakimtakasi aliyekibuni.

Baada ya vita alifunga mkataba na kampuni ya NSU, na Februari 1957 injini yake ya kwanza ikazunguka kwenye meza ya majaribio. Ile tuliyo nayo leo, lakini, ni ya umbo rahisi zaidi lililochorwa na mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke. Chukueni sambusa iliyonenepa ubavuni. Hiyo ndiyo rota. Iwekeni ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobinywa kidogo katikati. Rota inazunguka huku ncha zake tatu zikigusa ukuta wa chumba muda wote, na kwa hiyo chumba kinagawanyika sehemu tatu zinazopanuka na kusinyaa. Sehemu moja inavuta hewa na petroli, nyingine inabana, nyingine inachoma na kutoa moshi. Hakuna valvu, hakuna pistoni. Kila rota ikizunguka mara moja, shafti ya katikati huzunguka mara tatu, na kila mzunguko wa shafti hupata mchomo mmoja kutoka kwa kila rota. Injini yangu yenye rota mbili ina cc 1,308 tu, na mtu mmoja anaweza kuizungushia mikono kama anavyokumbatia gunia la mchele.

Tatizo liko kwenye zile ncha tatu. Kila ncha ina sili, yaani kipande chembamba cha chuma kinachoziba ili moto wa sehemu moja usivujie sehemu nyingine. Sili hiyo haipumziki. Inasugua ukuta kwa kasi, kwenye moto, huku ikitegemea matone machache ya oili yanayoingizwa makusudi yachomwe pamoja na petroli. NSU walitoa gari zuri sana, Ro 80, mwaka 1967, likapewa tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya. Kisha sili zikaanza kufa. Kampuni ilibadilishia wateja injini moja baada ya nyingine kwa gharama zake yenyewe, na mwaka 1969 ikamezwa na Volkswagen.

Kucha za shetani

Kampuni nyingi kubwa za dunia zilinunua kibali cha injini ya Wankel. Iliyong'ang'ana hadi mwisho ni moja ndogo ya Hiroshima, Toyo Kogyo, ambayo leo tunaiita Mazda. Ilitia saini mkataba na NSU mwaka 1961. Serikali ya Japani ilikuwa ikitaka kampuni ndogo za magari ziunganishwe na kubwa, na rais wa kampuni, Tsuneji Matsuda, alijua kwamba bila kitu ambacho wengine hawana, kampuni yake ingemezwa. Hiroshima ilikuwa mji ulioteketezwa kwa bomu la atomiki mwaka 1945, na maelfu ya watu walikula kwa kazi za kiwanda hicho. Kwa hiyo injini ile haikuwa mchezo wa matajiri.

Kazi alipewa Kenichi Yamamoto. Mwaka 1963 alikusanya wahandisi 47, wakajiita kwa jina la wapiganaji 47 wa hadithi maarufu ya Kijapani waliokula kiapo cha pamoja. Adui yao aliwatokea mapema. Walipofungua injini walizozijaribu walikuta ukuta wa ndani umejaa mikwaruzo ya mawimbimawimbi, mmoja baada ya mwingine, kama alama za kucha. Wakaziita kucha za shetani. Ilionekana kwamba sili zilikuwa zikitetemeka ukutani, kama chaki inavyotetemeka na kupiga kelele ubaoni ukiishika vibaya. Walijaribu vifaa vya kila namna. Hatimaye walitoboa vijitundu ndani ya sili ili kubadilisha mtetemo wake, kisha wakapata sili ya kaboni iliyochanganywa na alumini, ambayo ilidumu.

Mei 1967 Cosmo Sport likaanza kuuzwa, gari la kwanza duniani lenye injini ya rota mbili. Mwaka uliofuata wakalipeleka Ujerumani kwenye mashindano ya saa 84 mfululizo katika uwanja wa Nürburgring, na moja ya magari mawili waliyoyapeleka likamaliza likiwa la nne. Zingatieni walichochagua kukionyesha dunia. Hawakukimbilia rekodi ya kasi. Walionyesha kwamba inaweza kuzunguka siku tatu na nusu bila kufa.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda, na injini hii ni mlevi wa petroli. Wengi wakaikimbia. Mazda wakaipunguzia kiu kadiri walivyoweza, na mwaka 1978 wakatoa RX-7. Yamamoto mwenyewe alikuja kuwa rais wa kampuni mwaka 1984. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 95.

Uingereza nayo

Tulioko hapa tusidhani hii ni hadithi ya Ujerumani na Japani peke yake. RX-7 ilijijengea jina la mashindano katika nchi hii. Timu ya Tom Walkinshaw ilimpa Win Percy gari hilo, naye akatwaa ubingwa wa Uingereza wa magari ya saluni mwaka 1980 na tena 1981. Mwaka huohuo wa 1981 Walkinshaw mwenyewe, akipokezana na Mbelgiji Pierre Dieudonné, alishinda saa 24 za Spa kule Ubelgiji. Waandaaji wa mashindano walikuwa wakiumiza vichwa kuhusu cc za injini ya rota, na wakaamua kuzizidisha mara mbili ili kuwe na haki.

Pikipiki za Norton nazo zilitumia rota. Kwa miaka kadhaa polisi wa Uingereza walizipanda, na mwaka 1992 Steve Hislop alishinda nazo mashindano makuu ya Isle of Man, akimshinda Carl Fogarty katika mbio ambazo wapenzi wa pikipiki wanazizungumzia hadi leo.

Ushindi mkubwa kuliko wote ulikuja Juni 1991, katika saa 24 za Le Mans. Mazda 787B lenye rota nne, likiendeshwa na Johnny Herbert wa Uingereza, Volker Weidler na Bertrand Gachot, lilishinda. Gari la kwanza la Kijapani kufanya hivyo. Herbert alikuwa amechoka na kuishiwa maji mwilini kiasi kwamba hakuweza kupanda jukwaani. Injini ilikuwa na nguvu za farasi 700 hivi na haikuwa na turbo. Ilipofunguliwa baada ya mashindano, ilikutwa bado nzima.

Turbo yaingia

Kwa nini basi kuifunga turbo? Kwa sababu injini ya rota na turbo ni kama ugali na sukumawiki. Moshi wa injini hii hutoka ukiwa wa moto sana na kwa msukumo mkali, kwani hakuna valvu ya kuuzuia, na moto na msukumo ndivyo turbo inavyovitaka. Mazda walianza kuiuza rota yenye turbo nchini Japani mwaka 1982. RX-7 ya pili, ya mwaka 1985, ilikuja na turbo yenye nguvu za farasi 185. Ya tatu, iliyotoka mwishoni mwa 1991, ilikuja na turbo mbili zinazopokezana kazi: ya kwanza inaamka mapema, ya pili inajiunga injini ikikaribia mizunguko 4,500 kwa dakika. Nguvu za farasi 255 kutoka cc 1,308. Uzalishaji wake uliendelea hadi 2002, na matoleo ya mwisho yalifika 280.

Hiyo ya tatu ndiyo yangu. Nilinunua ya mwaka 1993, iliyoletwa ikiwa imetumika kutoka Japani, nami nikaichukua mwaka 2004. Kwetu tunajua biashara hiyo: Japani, Uingereza na Afrika Mashariki wote usukani uko kulia, na magari yaliyowachosha Wajapani yamejaa Mombasa kama yalivyojaa hapa.

Kosa langu

Nilikuwa mhandisi mwenye miaka zaidi ya kumi kazini, nina kibanda cha gereji cha kukodi Plumstead, na nilikuwa nimeweka akiba ya pauni 2,800. Pesa hizo zilikuwa na jina. Zilikuwa za mabati na mbao za nyumba ya mama kule Voi, ambayo kuta zake zilikuwa zimesimama tangu mwaka uliopita zikingoja paa. Nilikuwa nimemwambia mama kwa simu: mvua za vuli zikija zitakukuta ndani.

Gari lilikuwa zima. Lakini wenzangu wa magari walikuwa na hospawa 350, mwingine 400, na mimi nilikuwa na zile za kiwandani. Nikaanza kwa ekzosi kubwa isiyo na kizuizi, nikaondoa na kichujio cha moshi. Gari likapumua, na mimi nikafurahi.

Hapa naomba vijana wasome polepole. Turbo za kiwandani zimepangwa zisukume hewa kwa takriban psi 10. Moshi unapopata njia pana ya kutokea, feni huzunguka kwa kasi zaidi na presha hupanda yenyewe, hata kama hukugusa kitu kingine. Wahandisi wa Mazda walilijua hilo, ndiyo maana kompyuta ya gari, ikiona presha imezidi kipimo, hukata mafuta na gari hugoma kwa mshtuko. Langu lilianza kugoma. Badala ya kuuliza kwa nini, nilinunua kijisanduku cha bei ndogo kinachofungwa kwenye waya wa sensa ya presha. Kazi yake ni moja: kuiambia kompyuta kwamba presha haijapanda. Kwa maneno mengine nililifundisha gari kusema uongo, na wahenga walishatuambia kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Njia yangu ilikuwa ya maili kama thelathini. Usiku mmoja wa Januari 2005 nilikuwa natoka Kent narudi nyumbani. Kulikuwa na baridi kali, na hewa ya baridi ni nzito. Kila pumzi inayoingia kwenye injini ina oksijeni zaidi. Hali hiyo ni kinyume kabisa cha Nairobi. Barabara ilikuwa nyeupe, nikakanyaga. Sindano ya presha ikapita 15. Kompyuta, ikiwa imedanganywa, ilitoa mafuta ya kutosha presha ndogo. Hewa ikawa nyingi na petroli kidogo, moto ukazidi, na mchanganyiko ukalipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Kwenye injini ya pistoni ungesikia inagonga na pengine ungewahi kuachia. Sili ya rota ina unene wa milimita 2 na haingoji. Nilisikia mlio mmoja kama kijiti kuvunjika, kisha injini ikaanza kutetemeka kama bajaji. Nilipoifungua nilikuta sili imevunjika vipande vitatu. Kimoja kilikuwa kimepitia ekzosi na kuchana mabawa ya turbo.

Nilikaa kwenye kibanda kile, mwanga wa taa moja, nikiwa nimeshika kipande kisichozidi nusu ya ukucha. Sikumfikiria Wankel wala Yamamoto. Nilifikiria mabati.

Pesa zote ziliingia kwenye injini ile, na hazikutosha. Mama nilimwambia kwamba kazini kumekuwa kugumu. Huo ulikuwa uongo wa pili, na naukumbuka zaidi kuliko wa kwanza. Vuli ya mwaka 2005 ilimkuta bado kwa shangazi yangu. Paa liliezekwa mwaka 2007. Mama alinishukuru kwa moyo wote, na shukrani ile ilinichoma. Ukweli nilimwambia miaka kadhaa baadaye, tumekaa kibarazani chini ya paa lenyewe. Alicheka kidogo, akaniuliza, "Na hiyo gari, sasa inatembea?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi."

Namna ya kuiongezea nguvu bila kuiua

Ilinichukua miezi kumi na minne kuisuka injini upya kwa mikono yangu, na nilijifunza mambo ambayo shahada haikunifundisha. Nayatoa hapa kwa yule kijana na wenzake.

Kwanza, pimeni kabla ya kugusa. Rota moja hutoa vipimo vitatu vya mgandamizo, kimoja kwa kila ubavu, na kipimo cha kawaida cha gereji huonyesha kimoja tu kilicho kikubwa. Tafuteni fundi mwenye kifaa cha rota. Gari likisumbua kuwaka likiwa la moto, hiyo ni dalili kwamba sili zimechoka.

Pili, mafuta yatangulie hewa. Pampu kubwa, nozeli kubwa na kompyuta inayoweza kupangwa upya vije kwanza, ekzosi baadaye. Mimi nilifanya kinyumenyume. Petroli ikichomwa kikamilifu huhitaji uzito wa hewa mara 14.7 ya uzito wake. Lakini rota ikiwa chini ya presha hupewa hewa mara 11 tu hivi, maana petroli ya ziada ndiyo inayopoza chumba. Fungeni kipimo cha mchanganyiko huo mahali mnapokiona mkiendesha.

Tatu, poza. Radieta nzuri, vipoza oili viwili, na kipoza hewa kikubwa kati ya turbo na injini. Rota ikipata joto kali mara moja, kuta zake hupinda na haisamehi.

Nne, tumieni petroli ya oktani kubwa kabisa, hapa ni 99, na wengi wetu tunachanganya oili kidogo kwenye tangi ili sili zisikauke.

Tano, msiidanganye kompyuta. Ikigoma, ina sababu.

Mkishayafanya yote hayo, presha inaweza kupanda kidogo bila hofu. Mimi nimeiacha psi 12. Sijawahi kurudi kwenye 15.

Jibu

Joginder Singh na Shekhar Mehta, mashujaa wetu wa utotoni, wote wawili walifia hapa London. Mehta mwaka 2006, Joginder mwaka 2013. Niliposikia habari za Joginder nilikwenda kibandani, nikaliwasha gari, nikaliacha lipate joto taratibu kama inavyotakiwa. Nilikumbuka kwamba wazee wale hawakuwa na magari yenye nguvu kuliko wenzao. Walilijua gari linaweza kubeba nini, wakaliomba hicho tu.

Tangu Agosti 2023 ukanda wa hewa safi wa ULEZ umeenea London nzima. Gari langu halifikii kiwango, kwa hiyo kila siku ninayolitoa nje nalipa pauni 12.50. Likishapita miaka arobaini, litahesabiwa la kihistoria na kusamehewa. Wakati huo nami nitakuwa na miaka sitini na ushee. Mazda waliacha kuunda RX-8 mwaka 2012; mwaka 2023 rota ilirudi kwenye MX-30, lakini huko kazi yake ni kuzalisha umeme wa kuchaji betri. Haiendeshi tena magurudumu, na mimi sioni aibu yoyote katika hilo.

Basi kijana wangu wa arusini, jibu lako ni hili. Ukiongeza presha inaweza kutoa hospawa 400, na wapo waliotoa zaidi ya hizo. Lakini kabla hujafungua boneti, hesabu pesa ulizo nazo, kisha ujiulize zina jina la nani. Kama hazina jina, njoo Plumstead Jumamosi yoyote. Spana zipo, na chai ya tangawizi ipo kwenye chupa.

Wasalaam.